Kibodi Inayoacha Kufanya Kazi Baada ya Kompyuta Kuwaka

Mada hii imo katika sehemu ya utatuzi wa hitilafu za kompyuta, na unaweza kuulizwa kwa nadharia au kwa vitendo. Swali huja hivi: kompyuta imewashwa, imewaka bila shida, lakini kibodi (ambayo vitabu vingine huiita baobonye au kicharazio) haiandiki kitu. Eleza hatua utakazochukua. Wanafunzi wengi huandika mstari mmoja tu, "Kibodi ni mbovu, inunuliwe nyingine," kisha huenda swali linalofuata. Jibu hilo halipati alama kwa sababu halionyeshi umejuaje kwamba kibodi ni mbovu.

Nami nimewahi kutoa jibu hilohilo, tena kwa fedha za shule. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, siku mbili kabla ya mtihani wa majaribio wa vitendo. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne aliniita: "Mwalimu, hii kibodi imekufa." Nikabonyeza, kimya. Nikaagiza mpya kutoka mjini. Tukaichomeka, tukawasha kompyuta, ikafanya kazi vizuri kwenye ukurasa wa mwanzo wa mipangilio, lakini Windows ilipofunguka nayo ikafa. Tukanunua ya pili. Ikafa vilevile. Siku ya mtihani yule binti alilazimika kusubiri mwenzake amalize ndipo aitumie mashine ya jirani, na alipoanza wenzake wengi walikuwa wameshatoka. Kibodi zote tatu, pamoja na ile ya zamani, zilikuwa nzima. Tulizihamishia kwenye kompyuta nyingine zikaandika bila tatizo. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu nami sikuisoma: zilifanya kazi kabla ya Windows kufunguka, zikaacha baada ya Windows kufunguka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza, kabla ya kugusa waya wowote, ni hili: kibodi imeacha lini?

Anayeisikiliza kibodi hubadilika

Ili uelewe kwa nini swali la "lini" lina uzito, tazama kwanza kibodi yenyewe hufanya nini. Chini ya vitufe kuna njia za umeme zilizopangwa kwa safu na mistari, mfano wa karatasi ya miraba. Ukibonyeza kitufe, safu moja na mstari mmoja hugusana. Ndani ya kibodi kuna chipu ndogo ambayo hukagua miraba hiyo muda wote, na ikiona mguso hutuma namba ya kitufe kwenda kwenye kompyuta. Angalia vizuri: inatuma namba, haitumi herufi. Herufi huamuliwa na kompyuta. Ndiyo maana ukibadilisha mpangilio wa lugha kuwa wa Kijerumani, vitufe vya Y na Z hubadilishana kazi ingawa hakuna aliyeifungua kibodi.

Sasa, namba hiyo hupokelewa na nani? Hapa ndipo penye siri ya mada nzima. Mpokeaji si mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, umeme huifikia kibodi kupitia waya wake. Tundu la USB hutoa volti 5. Chipu ya kibodi huamka na kujikagua, na katika kibodi nyingi utaona taa ndogo za upande wa kulia zikimeta mara moja. Hapo hakuna programu yoyote ya kompyuta iliyohusika. Ni kibodi na umeme tu.

Baada ya hapo inaamka programu iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mama, ambayo tumezoea kuiita BIOS. Hiyo hukagua kumbukumbu, diski na vifaa vingine, na katika hatua hii yenyewe ndiyo inayosikiliza kibodi. Ukibonyeza F2 au Delete (inategemea mtengenezaji) na ukurasa wa mipangilio ukafunguka, BIOS imekusikia. Kompyuta za zamani zikikosa kibodi hapa husimama na kukuandikia kwamba kibodi haipo, kisha zinakuagiza ubonyeze F1 ili kuendelea. Wanafunzi wangu hucheka kila mwaka tukifika hapo, na wana haki.

Kisha BIOS inamwachia kazi mfumo endeshi, tuseme Windows. Windows haiendelei kutumia masikio ya BIOS. Inakuja na yake: viprogramu vidogo vinavyoitwa draiva, kila kimoja kikijua kuzungumza na kifaa fulani. Tundu la USB lina draiva yake na kibodi ina yake. Wakati wa makabidhiano hayo Windows huvianzisha upya vifaa vya USB na kuvisajili kama vile vimechomekwa sasa hivi. Katika baadhi ya kibodi utaona taa zikizimika kidogo halafu zikirudi.

Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kama kibodi haikuwaka taa wala haikusikika kwenye BIOS, shuku maunzi, yaani vile vinavyoshikika: waya, tundu, pini, au kibodi yenyewe. (Kuna mpangilio wa BIOS unaoweza kuzuia kibodi ya USB isisikike kabla ya Windows, lakini basi kibodi hiyo itaanza kufanya kazi Windows ikifunguka, kinyume na tatizo letu.) Kama kibodi ilisikika kwenye BIOS na kuacha Windows ilipofunguka, basi chipu yake, waya wake na vitufe vyake vimeshatoa ushahidi kwamba ni vizima. Tafuta kosa upande wa Windows: draiva, mipangilio, au namna Windows inavyolitumia tundu lile.

Kipimo cha Num Lock

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji kifaa chochote, nacho napenda mwanafunzi akiandike kwenye jibu lake. Windows ikiwa imeshafunguka, bonyeza Num Lock au Caps Lock na utazame taa yake.

Wengi hudhani taa ile inawashwa na kitufe chenyewe, kama swichi ya ukutani. Sivyo. Ukibonyeza Num Lock, kibodi hutuma namba ya kitufe. Mfumo endeshi huipokea, hukumbuka kwamba sasa hali imebadilika, kisha hurudisha amri kwa kibodi kwamba iwashe taa. Kibodi ya kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya mwaka 1981 haikuwa na taa hizo na ilizungumza upande mmoja tu. Ni katika IBM AT ya mwaka 1984 ndipo mazungumzo yalipokuwa ya pande mbili na taa zikawekwa.

Maana yake kwetu ni hii. Taa ikibadilika, ujumbe umekwenda hadi Windows na jibu limerudi. Njia ni nzima, draiva ni nzima. Basi kilichokwama ni kitu kilicho juu zaidi: labda programu uliyoifungua imeganda. Taa isipobadilika, huenda ujumbe haufiki au haurudi, na hapo ndipo unapofuatilia tundu na draiva. Kipimo hiki hakikusaidii kwa kibodi isiyo na taa, kama zile nyingi zisizotumia waya.

Tazama pia saa iliyo pembeni ya skrini na usogeze kipanya. Saa ikisimama na kipanya kisisogee, kompyuta yote imeganda na kibodi haina kosa.

Vyanzo vinavyotokea sana

Nianze na kile kilichonigharimu. Fundi alikuwa amesakinisha Windows 7 kwenye kompyuta iliyokuwa mpya kuliko Windows hiyo. Mbele ya mashine kulikuwa na matundu ya USB 3, ambayo mara nyingi utayatambua kwa plastiki ya bluu ndani. Windows 7 haikuja na draiva ya USB 3. BIOS ya kompyuta ile ilijua kuzungumza na matundu hayo, ndiyo sababu kibodi ilisikika mwanzoni; Windows ilipopokea kazi, haikujua kama matundu hayo yapo. Kipanya kilikuwa kimechomekwa nyuma, kwenye tundu jeusi la USB 2, ndiyo maana chenyewe kiliendelea kufanya kazi na kunipoteza zaidi. Fundi aliporudi, alichomoa kibodi mbele akaichomeka nyuma. Ikaandika. Hakutumia hata dakika moja. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini katika maabara za shule bado unaweza kuikuta, kwa hiyo kisa hiki kina kazi yake. Na hata kama mashine yako ni ya Windows mpya, kuhamisha kibodi kwenye tundu jingine, hasa la nyuma lililo moja kwa moja kwenye ubao mama, ni hatua ya bure ambayo huondoa mashaka mengi.

Chanzo cha pili ni draiva iliyoharibika. Hutokea baada ya umeme kukatika ghafla wakati kompyuta inafanya masasisho, au baada ya kuondoa vibaya programu ya kuzuia virusi. Hili la mwisho huwashangaza watu. Baadhi ya programu hizo hujiweka katikati ya kibodi na Windows ili zikague kinachoandikwa. Ukizifuta kwa haraka, jina lao hubaki kwenye orodha ya wale ambao lazima waamke pamoja na draiva ya kibodi. Windows humtafuta aliyetajwa, haimpati, na inakataa kuianzisha kibodi yote. Kuisahihisha orodha hiyo kwa mkono ni kazi ya fundi. Wewe ukiweza, rudisha mfumo kwenye tarehe ya kabla ya tatizo.

Cha tatu ni mpangilio uitwao Filter Keys. Uliwekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao hutetemeka: Windows hupuuza mbonyezo mfupi na kupokea ule ulioshikiliwa tu. Ukikandamiza Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows inauita. Mwanafunzi ameegemeza kidole akifikiri cha kuandika, ujumbe umetokea, akaukubali bila kusoma, na tangu hapo "kibodi imekufa." Kuitambua hali hii ni rahisi: bonyeza kitufe kimoja na ukishikilie. Kama herufi inatokea baada ya kuchelewa, umeshapata jibu. Shikilia tena Shift ya kulia kwa sekunde 8 au uzime mpangilio huo kwa kipanya. Kwa kuwa mipangilio ya aina hii huhifadhiwa kwa kila mtumiaji, mwenzako akiingia kwa jina lake kwenye mashine ileile huenda akaandika vizuri kabisa.

Cha nne ni umeme kubanwa. Windows inaweza kulizima tundu la USB lisilotumika ili kuokoa umeme. Kwa kawaida kibodi huamka ukiigusa, lakini zipo zinazogoma. Dalili yake ni kwamba kibodi iliandika nywila, ikaandika na kurasa mbili, kisha ukaiacha muda na haikuamka tena.

Kibodi za zamani zenye kichwa cha mviringo, aina ya PS/2, zina sheria yao. Kichwa kina pini 6, tundu la kibodi kwa kawaida ni la zambarau na la kipanya ni la kijani. Aina hii haikutengenezwa kuchomekwa kompyuta ikiwa inafanya kazi. Ikilegea baada ya kuwasha, hata ukiisukuma irudi inaweza kubaki kimya hadi uwashe upya. Zima kwanza, kagua kama hakuna pini iliyopinda, chomeka, washa.

Kwa kompyuta mpakato ndogo, usisahau Num Lock: ikiwa imewashwa, baadhi ya mashine hugeuza J, K na L kuwa 1, 2 na 3. Hiyo si hitilafu.

Kuzima na kuwasha upya si kitu kimoja

Mwanafunzi akiambiwa "anzisha kompyuta upya," mara nyingi huizima, husubiri, kisha huiwasha. Katika Windows 8 na zilizofuata jambo hilo linaweza lisisaidie. Tangu mwaka 2012 Windows ina utaratibu wa kuwaka haraka: unapochagua kuzima, huhifadhi kwenye diski hali ya sehemu yake ya ndani, pamoja na draiva, na unapowasha huirudisha hali ileile. Draiva iliyolala na kosa inaamka na kosa. Ukichagua Restart, Windows hutupa hali hiyo na kupakia kila kitu kutoka mwanzo. Kwa hiyo kwenye jibu lako andika "chagua Restart kwa kutumia kipanya," na ukiweza ueleze sababu. Ukitaka kuzima kabisa na kibodi nyingine ipo, shikilia Shift huku ukibofya Shut down.

Utafanyaje kazi bila kibodi?

Hili ni swali la haki, maana Windows hudai nywila kabla hujafika popote. Kwenye ukurasa wa kuingilia, pembeni chini kulia, kuna alama ya huduma kwa watu wenye mahitaji maalumu (kwenye Windows 7 iko chini kushoto). Ibofye kwa kipanya uchague On-Screen Keyboard. Kibodi itachorwa kwenye skrini, nawe utabofya herufi moja moja. Ni kazi ya kuchosha lakini inakufikisha.

Ukishaingia, bofya kulia kitufe cha Start, chagua Device Manager (kwenye Windows 7 utaipata kupitia Control Panel). Dirisha hilo huorodhesha vifaa vyote. Fungua sehemu ya Keyboards. Alama ya njano yenye mshangao ni dalili ya tatizo. Ukibofya kifaa mara mbili na kukuta Code 39, Windows inakuambia imeshindwa kupakia draiva, imeharibika au haipo. Bofya kulia jina la kibodi, chagua Uninstall, halafu Restart. Windows itaitambua kibodi kama kifaa kipya na kuipa draiva upya. Kwa tatizo la umeme kubanwa, fungua USB Root Hub katika dirisha hilohilo, nenda sehemu ya Power Management, uondoe alama ya tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa.

Kama hayo hayakusaidia, washa Windows kwa Safe Mode, yaani hali ambayo hupakia draiva chache za lazima tu. Kibodi ikifanya kazi humo na kugoma katika hali ya kawaida, mkosaji ni programu au draiva iliyoongezwa. Kumbuka zamani tuliingia Safe Mode kwa kubonyeza F8. Kuanzia Windows 8 njia ya kawaida ni kushikilia Shift huku ukibofya Restart. Shift ya kwenye skrini inatosha.

Maswali ya kujipima

1. Kibodi ya USB inakuwezesha kuzunguka kwenye ukurasa wa BIOS, lakini Windows ikifunguka haiandiki. Kipanya kinafanya kazi. (a) Je, inafaa kununua kibodi nyingine? Toa sababu. (alama 2) (b) Eleza hatua tatu utakazochukua kwa mpangilio. (alama 6)

2. Taa ya Caps Lock inabadilika kila ukibonyeza, lakini hakuna herufi inayotokea kwenye programu ya kuandikia. Je, hilo linakuambia nini? (alama 3)

3. Asha amezima na kuwasha kompyuta ya Windows 10 mara tatu, na kibodi bado haifanyi kazi. Mwenzake amebofya Restart mara moja tu na kibodi imerudi. Eleza tofauti. (alama 3)

Majibu

1. (a) Haifai. Kibodi imesikika kwenye BIOS, kwa hiyo vitufe, chipu na waya ni vizima. Tatizo limeanza Windows ilipopokea kazi. (b) Hamisha kibodi kwenye tundu jingine la USB, ukipendelea la nyuma. Ikishindikana, ingia kwa kibodi ya kwenye skrini, fungua Device Manager, ondoa draiva ya kibodi kisha uchague Restart. Ikishindikana tena, jaribu Safe Mode ili ujue kama kuna programu iliyoongezwa inayoizuia. Kila hatua ina alama 2: moja ya kuitaja, moja ya kueleza inakuonyesha nini. Wanaoorodhesha bila kueleza hupata nusu.

2. Ujumbe wa kitufe umefika kwenye mfumo endeshi na amri ya kuwasha taa imerudi, hivyo waya, tundu na draiva vinafanya kazi. Kinachoshukiwa ni programu ya kuandikia iliyoganda. Fungua programu nyingine ujaribu kuandika.

3. Kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 huhifadhi hali ya draiva kwenye diski na kuirudisha kompyuta inapowashwa, kwa hiyo kosa lilirudi kila mara. Restart hupakia draiva upya. Asha angeweza kupata matokeo hayohayo kwa kushikilia Shift wakati wa kubofya Shut down, lakini kwa kuwa kibodi yake ndiyo iliyokufa, Restart kwa kipanya ndiyo njia iliyokuwa wazi kwake.